Manowari Iliyoibwa: Historia Fupi ya Prometheus

Mwaka jana, siku ya mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani, viongozi wa chama cha historia cha shule walinitaka nizungumze na vijana wao nusu saa kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimejitayarisha kueleza habari za misafara ya karne ya 19. Nilipomaliza na kuuliza kama kuna maswali, akasimama kijana wa kidato cha tatu, akaniamkia kwa adabu, akasema, "Mzee, tumesikia ulikaa Marekani. Sisi bwenini tuna ubishi. Ile manowari ya anga iitwayo Prometheus, namba yake ni 59650 au ni 74913?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mwalimu wao akataka kumketisha. Nikamwomba amwache, maana katika maswali yote niliyoulizwa siku ile, hilo ndilo lililokuwa swali la kihistoria hasa, na kwa bahati jibu lake nilikuwa nalo. Mhariri wa jarida hili, aliyekuwa amekaa safu ya nyuma akisinzia kidogo (atanisamehe), alizinduka kwa kicheko kile, na tulipotoka nje akaniambia nilete jibu hilo kwa maandishi. Nimechelewa, lakini nimelileta.

Kwa ajili ya wale wa rika langu itanibidi nianzie mbali. Sisi tuliosoma hapa kuanzia 1972 hadi 1975 hatukujua televisheni ni kitu gani. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka hiyo hiyo ya sabini, lakini Tanzania Bara haikupata kituo cha televisheni mpaka 1994. Tulichokuwa nacho sisi ni redio moja ya bwalo, nayo ilikuwa chini ya amri ya kiranja wa chakula. Kwa hiyo habari za vyombo vya anga nilizikuta ukubwani, nikiwa na mvi mbili tatu, tena katika hali ambayo nitaieleza mbele kidogo.

Michezo yenyewe ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 kwa jina la Star Trek. Mwanzilishi wake, Gene Roddenberry, alikuwa rubani wa ndege za mabomu wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha akawa polisi wa Los Angeles, na baadaye ndipo akawa mwandishi. Alitunga habari za chombo kiitwacho Enterprise na mabaharia wake wa mataifa mbalimbali, katika karne ya 23, wakilitumikia Shirikisho la sayari nyingi. Jeshi la Shirikisho hilo huitwa Starfleet. Michezo ile ya kwanza ilidumu misimu mitatu tu. Ilifutwa mwaka 1969 baada ya kuonyeshwa 79.

Vijana hupenda kusikia kwamba afisa wa mawasiliano wa Enterprise, Luteni Uhura, jina lake limetoka katika lugha yetu. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 2022, alisimulia kwamba siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa amechukua kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, na Roddenberry akavutiwa na neno hilo. Basi Kiswahili kilifika angani mapema, ijapokuwa kilifika kimegeuzwa herufi ya mwisho.

Sasa tuingie katika wizi wenyewe, na hapa naomba vijana wa chama cha historia wasome polepole.

Tarehe 23 Januari 1968 meli ya upelelezi ya Marekani, jina lake Pueblo, ilikamatwa na Korea ya Kaskazini ikiwa na watu 83. Mmoja wao aliuawa katika shambulio. Waliobaki 82 waliwekwa kizuizini miezi 11, wakaachiliwa Desemba mwaka huo huo. Meli haikurudishwa, mpaka leo iko Pyongyang, wageni hupelekwa kuitazama. Mwezi Septemba 1968, mabaharia hao wakiwa bado mikononi mwa Wakorea, Star Trek ilionyesha mchezo uitwao "The Enterprise Incident", ulioandikwa na D. C. Fontana, naye alikiri kwamba wazo alilipata katika mkasa wa Pueblo. Ila yeye aliupindua mkasa. Katika mchezo wake, Nahodha Kirk ndiye anayevuka mpaka kwa makusudi na kuingia katika dola ya Waromulani, mahasimu wa Shirikisho, kisha anawaibia kifaa chao cha siri cha kuficha manowari isionekane. Anakimbia nacho, na watazamaji wanashangilia. Ni desturi ya binadamu: tukiiba sisi ni ushujaa, wakiiba wao ni uharamia.

Usiulize kwa nini dola ijisumbue hivyo kwa ajili ya chombo kimoja. Tarehe 6 Septemba 1976 rubani wa Kisovieti, Viktor Belenko, alitoroka na ndege ya kivita aina ya MiG-25, akatua Hakodate nchini Japani. Nchi za Magharibi zilikuwa zikiihofu ndege hiyo kwa miaka mingi. Wataalamu wa Marekani na Japani waliifungua kila msumari, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya bodi lake ni chuma cha pua kizito, na kwamba mitambo yake ya umeme bado inatumia valvu, kama zile zilizokuwa ndani ya redio yetu ya bwalo. Ndege ikarudishwa kwa wenyewe ikiwa vipande vipande ndani ya makasha. Hofu ya miaka mingi ilipungua sana kwa sababu ya safari ya mtu mmoja.

Naam, tarehe 21 Januari 1998, zikiwa zimebaki siku mbili tu itimie miaka 30 tangu kukamatwa kwa Pueblo, Waromulani nao waliiba. Sisemi kwamba watunzi walikusudia tarehe ziangukiane. Mwanahistoria anayegeuza kila sadfa kuwa sababu hafai kupewa chaki. Lakini deni la Kirk lilikuwa limelipwa.

Wakati huo Star Trek ilikuwa imekwisha kuzaa na kujukuu. Mchezo ninaouzungumzia ni wa mfululizo uitwao Star Trek: Voyager, ulioonyeshwa kuanzia 1995 hadi 2001. Habari yake ni hii: meli ya Starfleet iitwayo Voyager, chini ya nahodha mwanamke, Kathryn Janeway, inatupwa na nguvu za kigeni hadi pembe nyingine ya galaksi, umbali wa miaka ya nuru 70,000. Kwa mwendo wao wote, kurudi nyumbani kutawachukua zaidi ya miaka 70. Hawana simu ya upepo itakayofika huko. Kwao hakuna ajuaye kama wako hai.

Humo melini mna tabibu asiyekuwa mtu. Daktari wa kweli alikufa siku ile ya msiba, ikabidi waiwashe programu ya dharura ya kompyuta: hologramu, yaani sura ya mtu iliyofumwa kwa mwanga, inayozungumza, inayoshika kisu na kupasua. Ilitengenezwa ifanye kazi kwa muda mfupi tu mpaka daktari mwingine apatikane. Hakupatikana. Basi ile programu, ambayo mwigizaji wake ni Robert Picardo, ikafanya kazi miaka saba, na katika miaka hiyo ikajifunza kuimba opera, kupenda, kunung'unika na kujisifu mno. Jina hakuwa nalo, walimwita Daktari.

Katika mchezo wa tarehe 21 Januari, ambao jina lake "Message in a Bottle" maana yake ni ujumbe uliotiwa ndani ya chupa na kutupwa baharini, mabaharia wa Voyager wanagundua mtandao wa mitambo ya kale ya kupokezana ishara, mali ya kabila la wawindaji waitwao Wahirogeni. Mtandao huo unafika hadi karibu na kwao. Mwisho wake kabisa wanaona chombo kimoja cha Starfleet. Wanatuma ujumbe wa kawaida. Unafifia njiani na kurudi. Ndipo wanapokata shauri kumtuma Daktari mwenyewe, kwa kuwa yeye naye ni ishara tu. Anasafiri miaka ya nuru 60,000 kwa dakika chache, anatokeza katika zahanati ya chombo kile cha mbali, na anakuta watu wamelala chini. Chombo hicho ni Prometheus, na kimetekwa nyara.

Prometheus ilikuwa manowari ya majaribio, siri ya Starfleet. Aliyeichora ni Rick Sternbach, mchoraji aliyezifanyia kazi michezo hii kwa muda mrefu. Nguvu yake ya pekee ni kwamba inaweza kugawanyika sehemu tatu, kila sehemu ikiwa na injini zake na silaha zake, zikamzunguka adui mmoja na kumpiga kutoka pande tatu, kompyuta ikiongoza yote. Zaidi ya hayo, kila sitaha yake ina mitambo ya kutoa hologramu, hivyo Daktari, ambaye kwao hawezi kutoka zahanati bila kuvaa kifaa maalumu mkononi, hapa anaweza kutembea popote apendapo.

Na hapa ndipo penye jibu la kijana wetu. Ubavuni mwa manowari, kwa nje, imeandikwa NX-59650. Ndani, penye maandishi ya vyombo vyake, imeandikwa NX-74913. NX ni alama ya chombo cha majaribio. Hilo halina ubishi. Lakini namba ni mbili, zote za asili, zote zimeandikwa na watu wale wale waliotengeneza mchezo mmoja, na hakuna iliyofutwa. Mabweni yote mawili yalikuwa sahihi. Kijana aliyeshika ya nje alikuwa ameitazama meli ikipita. Aliyeshika ya ndani alikuwa amesoma karatasi. Katika kazi yangu ya ualimu nimeona ubishi mwingi wa wataalamu ambao, ukiutazama sana, ni huo huo.

Jina nalo lina kisa chake. Katika hadithi za Wayunani, Prometheus ndiye aliyewaibia miungu moto akawapa wanadamu. Akafungwa kwa minyororo mwambani, na tai akawa anamla ini kila siku. Kuipa manowari ya siri jina la mwizi, kisha kustaajabu imeibwa! Ajabu zaidi ni kwamba mwaka 2002 mfululizo mwingine wa Marekani, Stargate SG-1, nao ulionyesha chombo cha majaribio cha jeshi kinachotekwa nyara kabla ya kukamilika, nacho kiliitwa Prometheus vile vile. Na mwaka 2004 kikatekwa tena mara ya pili. Ningekuwa mkuu wa jeshi, jina hilo ningelipiga marufuku.

Sitasimulia mchezo wote, walio na kanda zake watautazama. Waromulani, wakiongozwa na kamanda aitwaye Rekar, wameua wengi wa mabaharia na wanakimbilia mpakani wakaikabidhi manowari kwa idara yao ya ujasusi. Meli moja ya Starfleet inawafuata. Rekar anaamuru manowari igawanyike, na kwa muda mfupi tu yule mfuasi yuko hoi. Silaha mpya inatumiwa kwa mara ya kwanza, na inatumiwa dhidi ya wenyewe walioiunda.

Nani atawazuia? Hakuna askari. Daktari wetu, katika kuhangaika, anaiwasha programu ya tabibu ya Prometheus yenyewe, toleo la pili, lililoigizwa na Andy Dick. Mwanzo wa urafiki wao ni vita vya maneno. Toleo la pili linamtazama la kwanza kama mwanafunzi wa kidato cha sita anavyomtazama wa kidato cha kwanza: wewe ni wa zamani, umekwisha kuondolewa kazini, mbinu zako ni za kale. Daktari naye anajibu kwa kumhesabia aliyoyafanya, pamoja na mambo mengine ambayo mtu mwenye haya asingeyataja. Mimi nilicheka sana, na hata sasa nikitazama nacheka, ijapokuwa hapo pana kasoro ambayo sijaisamehe: wenzao wa Starfleet wamelala wafu katika sitaha zile zile, na mchezo hauwataji kwa majina, wala hakuna anayewaomboleza hata kwa sentensi moja.

Shauri lao ni la kitabibu, wala si la kivita. Watatia dawa ya usingizi katika mabomba ya hewa. Daktari anakwenda hadi chumba cha usukani akijifanya ametumwa kuwapima Waromulani maradhi, Rekar anamshtukia na kumtia nguvuni. Lakini yule mwenziwe mdogo, mwenye majivuno na mwoga wa kupindukia, anaidanganya kompyuta kwamba kuna uchafu wa hatari melini, hewa yote inasukumwa upya ikiwa na dawa, na Waromulani wanaanguka mmoja mmoja wakikoroma.

Kisha wanakuja kugundua kwamba hakuna ajuaye kuendesha chombo. Manowari za Waromulani zinafika kuipokea nyara yao. Meli za Starfleet nazo zinafika, na kwa kuwa zinaamini mwizi bado yumo ndani, zinaifyatulia Prometheus. Wale matabibu wawili wanabonyeza vidude kwa kubahatisha, mmoja anabonyeza kilicho sicho, manowari inagawanyika sehemu tatu na kumteketeza Mromulani mmoja. Waliobaki wanageuza na kukimbia.

Watu wengi waupendao mchezo huu huzungumza juu ya hapo tu: zile sehemu tatu, ile mizinga. Mimi naona manowari ilikuwa chupa tu. Barua ilikuwa ni Daktari. Baada ya moshi kutulia, yeye haombi nishani wala hajali silaha ya majaribio. Anataka kuonana na wakubwa wa Starfleet awaambie neno moja, kwamba Voyager haikuzama. Huko kwao ilikuwa imekwisha kuandikwa rasmi kuwa imepotea. Ndugu walikwisha kuambiwa. Kisha anarudishwa kwa njia ile ile, anasimama mbele ya Janeway na wenzake waliokuwa wamekata tamaa naye, na kuwaeleza kwamba habari zimefika, na kwamba tangu siku ile hawako peke yao tena.

Hapo nilizima televisheni kabla majina ya waigizaji hayajapita.

Ilikuwa Jumatano usiku, mjini Minneapolis, theluji imefunga dirisha. Nilikuwa na miaka 40. Nilitoka nyumbani 1994 kwenda kusoma shahada ya pili, na katika mwaka wa pili msaada wa fedha ukakatika. Kosa sehemu fulani lilikuwa langu. Nikaacha chuo, nikawa naosha vyombo usiku katika mkahawa, nikipanga chumba chini ya ardhi katika nyumba ya mzee mmoja aliyeniachia nitazame televisheni yake nikimaliza kusukuma theluji mlangoni. Nyumbani walijua nasoma. Barua ya kwanza niliyopaswa kueleza hali ile niliiahirisha wiki moja. Baada ya mwezi nikaona aibu kueleza kwa nini nimechelewa. Baada ya mwaka nikawa sina pa kuanzia. Nikahama nyumba bila kuacha anwani. Kimya changu kilitimiza miaka miwili na nusu, nami sikuwa miaka ya nuru 60,000 mbali nao. Palikuwa na posta mtaa wa pili.

Nililoliona usiku ule ni kwamba mabaharia wale walikuwa tayari kumtoa tabibu wao wa pekee, wakijua huenda asirudi, ili mtu mmoja upande wa pili apate kusikia tu kwamba wako hai. Kule kwao Voyager, wakati Daktari hayupo, Harry Kim anajaribu kumtengeneza tabibu mwingine na kuambulia kichwa kinachokariri kitabu cha maumbile ya mwili neno kwa neno, wala hakisikii kikisimamishwa. Ni kichekesho, lakini kinaonyesha gharama. Nikatafuta kalamu. Niliandika barua mbili, moja kwa mama, nyingine kwa katibu wa chama chetu cha wanafunzi wa zamani, kwa sababu yeye nilijua anwani yake haibadiliki: ilikuwa ni sanduku la posta la shule.

Kabla majibu hayajafika, Voyager walipata yao. Mchezo uliofuata mwezi Februari, "Hunters", ulileta barua kutoka nyumbani kupitia mtandao ule ule wa Wahirogeni. Nadhani huo ni mchezo bora kuliko wa manowari, na husemwa kidogo mno. Kila mtu anaitamani barua na kila mtu anaiogopa. Tuvok anapata habari za mjukuu. Kim anapata ya wazazi wake. Nahodha Janeway anafungua ya mchumba wake, Mark, anasoma kwamba alimngoja mpaka akakata tamaa, na sasa ameoa mke mwingine. Chakotay na B'Elanna Torres wanapata habari kwamba wenzao waliopigana nao zamani, karibu wote wameuawa au wamefungwa. Na barua ya baba yake Tom Paris, ambayo huyo kijana alikuwa akijidai haitaki, inakatika njiani wakiwa wanaipokea, kwa maana vita na Wahirogeni vinauharibu mtandao. Toka hapo kimya kinarudi, hadi mwishoni mwa 1999 njia nyingine ilipopatikana.

Yangu ilikuja Machi, mwandiko wa mdogo wangu. Mama hajambo. Baba alifariki Novemba 1996. Walituma telegramu na barua tatu kwenye ile anwani ya zamani. Katika mwaka 1997 kulizuka habari kwamba mtu mwenye jina kama langu amekufa katika ajali ya gari huko Marekani. Wazee wakakaa kikao, wakataka kuweka matanga, na mama akakataa. Alisema hajaona kaburi. Walipomshikilia sana alichukua jembe akaenda shamba, na shauri likaishia hapo.

Barua ya pili ilikuwa ya katibu, mtu ambaye wengi wenu mnamkumbuka kwa ukali wake. Aliniarifu kwamba habari ile ya ajali ilifika hata shuleni. Katika mkutano wa 1997 jina langu lilisomwa pamoja na majina ya marehemu, na wote waliohudhuria wakasimama kimya kwa dakika moja. "Tulisimama juani," akaandika, "na ukumbi ulikuwa bado haujaezekwa. Dakika hiyo utaturudishia." Niliporudi nchini 1999 nilitozwa faini ya kreti mbili za soda, na nikasimamishwa mbele ya mkutano kwa dakika moja kamili huku wenzangu wakihesabu kwa saa.

Kwa wanaouliza yaliyowapata wale wengine: manowari za aina ya Prometheus zilionekana tena katika mchezo wa mwisho kabisa wa Voyager, Mei 2001, zikiwa miongoni mwa meli zilizokuwapo Voyager iliporudi. Waromulani walioiiba ile ya kwanza, wakati ule walikuwa hawamo katika vita kati ya Shirikisho na Dominion. Miezi mitatu baadaye, katika mfululizo ndugu uitwao Deep Space Nine, waliingia vitani upande wa Shirikisho, tena kwa kudanganywa na mmoja wa makapteni wa Starfleet. Hiyo ni habari ndefu, na chafu. Toleo la kwanza la tabibu lilipata malipo ya kawaida ya watumishi wa zamani. Katika mchezo wa Mei 2000, "Life Line", inajulikana kwamba programu zote za aina yake, ukimtoa yeye wa Voyager, ziliondolewa katika udaktari na kupewa kazi ya kusugua mabomba katika majahazi ya kubebea taka. Zote zina sura ile ile ya yule aliyeiokoa manowari. Mhandisi aliyeziumba kwa sura yake mwenyewe anaungama kwamba ni aibu kuziona.

Nimebaki na deni moja kwa yule kijana wa kidato cha tatu. Aliniuliza, wakati tunakwenda kula, kama hapa shuleni kuna kitu chochote chenye namba mbili kama Prometheus. Kipo. Katika kabati la maktaba, rafu ya chini, mna daftari jeusi la wanafunzi wa zamani. Jina langu liko katika ukurasa wa marehemu wa 1997, kwa wino wa bluu, pamoja na alama ya msalaba. Liko tena katika orodha ya waliohudhuria mkutano wa 1999, namba ya 34, na sahihi yangu mbele yake. Katibu alikataa kulifuta la kwanza, na sijamwomba aliyemfuata alifute.